Kinyozi wa Kimeksiko Sebuleni Mwetu

Kwetu Mombasa, mwanamke aliyebahatika kwenda sinema Jumapili hakurudi bure. Waliobaki nyumbani walimngoja awahadithie picha ya Kihindi. Katika ukoo wetu fundi alikuwa mama yangu mdogo. Hakujua Kihindi hata kidogo, lakini alitoa sauti ya kila mchezaji, na wasikilizaji walilia mahali pa kulia.

Desturi hiyo niliihamishia New Hope, mji wa Marekani tulikohamia, kwa sababu moja tu. Binti yetu alikuwa na miaka minane na Kiswahili kilikuwa kimemkauka mdomoni. Alikisikia vizuri, kukisema ndiko kulikomshinda. Bibi yake akipiga simu, mtoto alisema "shikamoo," akanyamaza, akanirudishia mkono wa simu. Siku moja mama yangu aliniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto hanipendi?" Nikamwambia ana haya.

Kihispania nilijifundisha mwenyewe, kwa ajili ya kazi yangu kiwandani, katika mji jirani wa Anoka, ambako wenzangu wengi walikuwa Wameksiko. Nilitumia kitabu cha sarufi cha maktaba, kamusi, na kanda za video za sinema za zamani. Moja ilikuwa kichekesho kisicho na rangi: kinyozi fukara anadhaniwa kuwa bwana harusi wa mjane tajiri, naye anaona aibu kukanusha kwa kuwa ameshakula keki. Nikaona hiki kitafaa. Kichekesho cha Kiingereza binti yangu angekielewa bila mimi. Hapa, ili acheke, ingembidi apitie kwenye Kiswahili changu.

Nilijiandaa. Nilitazama kanda peke yangu kwanza, nikatafuta kila neno nisilolijua, nikapanga pa kusema na pa kunyamaza. Jumamosi mchana tuliketi watatu mbele ya runinga.

"Leo tumeletewa mama mdogo mwenye masharubu," mke wangu akasema.

Mtoto alicheka sana. Jumamosi iliyofuata aliiomba tena, nami niliamini dawa imeingia.

Safari hiyo ya pili niligundua kwamba kicheko chake kilitangulia maneno yangu. Nikadhani anacheka uso wa kinyozi, au anakumbuka. Kwa hiyo nikaweka kanda nyingine ya mchezaji yule yule, ambayo hakuwa ameiona, nikangoja mahali ambapo watu wanabishana nyuma ya mlango na hawaonekani. Nikafunga mdomo. Akacheka pale pale palipostahili.

"Umejulia wapi?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole darini. "Kwa Bibi."

Juu yetu iliishi familia ya Kimeksiko, na bibi wa nyumba hiyo ndiye aliyekaa na binti yetu baada ya shule, sisi tukiwa kazini. Bibi yule hakujua Kiingereza. Mtoto akitaka maji, ilimbidi ayaombe kwa Kihispania. Kwetu sisi aliomba kwa Kiingereza na maji akayapata.

Kwenye runinga mchezaji yule akamnong'oneza mwanamke mmoja jambo, naye akamjibu. "Kasema nini?" mke wangu akauliza. Nikafungua mdomo, kumbe hakuwa ananiuliza mimi. Binti yetu alimweleza kwa Kiingereza, haraka, akiiga sauti zote mbili, mpaka mama yake akashika mbavu.

"Huku ndiko kuhadithia, bwana wee," mke wangu akaniambia akifuta machozi. "Wewe ulikuwa unatusomea hotuba."

Nikasimamisha kanda. "Mwanangu, hayo uliyomwambia mama, yaseme tena kwa Kiswahili."

Aliniangalia akijua kwamba huo haukuwa tena mchezo. "Ali..." akaanza. "Alimwambia..." Midomo ilitafuta neno lililofuata, isilipate. Kisha akainuka, akabonyeza kitufe mwenyewe, picha ikaendelea.