Nyota Haikohoi

Asubuhi ya Jumatatu, siku sita kabla ya Kolwezi kumezwa na ardhi, kama ilivyotangazwa, Polycarpe Beya alikuwa amepiga magoti jikoni mwake akibandika kipande cha kioo ukutani.

Ufa ulianzia juu ya dirisha ukashuka hadi karibu na jiko la makaa, mwembamba kama unywele. Beya alikata kioo urefu wa kidole cha kati, akakilaza juu ya ufa kama daraja, akakishika kwa plasta ncha hii na ncha ile. Kisha akaandika kando yake kwa penseli: 1/9, saa mbili asubuhi. Vingine vitatu alikuwa amekwisha kuvibandika sebuleni na chumbani.

Kazi hiyo aliijua. Miaka ishirini na minne kwa jumla alikuwa msaidizi wa wapima ardhi mgodini, mtu wa kubeba vyombo vya wakubwa na kukagua vioo vya namna hiyo katika kuta za majengo yaliyokaa ukingoni mwa shimo. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa ukucha, kioo huvunjika. Hakipindi wala hakina subira. Bosi wake wa zamani alipenda kusema kwamba shahidi yeyote anaweza kununuliwa isipokuwa huyo.

Nyuma yake, mkewe Ndaya alikuwa akifunga masufuria ndani ya shuka.

"Weye unabandika kioo, mi nafunga bitu," alisema. "Tutaona nani atamaliza mbele."

"Unafunga bya kwenda wapi?"

"Kwa Tina, Dilolo. Kule kwa mutoto wetu hakuna mashimo."

"Lakini mwezi uko. Ama mwezi wa Zéphirin, ule wa kutabiri sokoni, hauna pasi ya kufika Dilolo?"

"Cheka tu, tata. Ata ule mwaka ulicheka."

Beya akageukia tena plasta yake. Neno hilo mkewe hulitoa mara chache, kama mtu atoaye kisu cha harusi.

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipokuwa wakiambiwa waondoke Katanga, Ndaya ndiye aliyesema waende mapema, treni zingali na nafasi. Beya alisema ni maneno ya redioni, yatapita. Hayakupita. Walitolewa nyumbani kwa fimbo, wakakaa kituo cha reli wiki saba chini ya turubai wakingoja behewa, na Mianda, mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa na miaka mitatu, akaharisha siku nne. Walimzika karibu na reli, katika safu ya makaburi mapya. Baada ya miaka minane walirudi Kolwezi, wakaanza upya katika kiwanja kitupu, tofali kwa tofali, na safari hii Beya alijenga kwa mikono yake kila ukuta. Lakini tangu kituoni, yeye ambaye kwa desturi angemwita mkewe Mama Mianda, alimwita Ndaya tu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndivyo wasemavyo watu. Ndaya alikuwa na la kuongeza: mara ile haukuwa ung'ongo.

Basi huyo ndiye aliyekuwa akisikiliza siku Ingénieur Zéphirin alipotundika spika zake karibu na soko la Manika.

Hakuna aliyejua Zéphirin alisomea wapi. Alikuwa na koti jeupe la daktari, tableti yenye michoro inayopanda na kushuka, na sauti tamu ya mwalimu asiyepiga. Alieleza kwamba Jumapili tarehe saba, dunia itasimama katikati ya jua na mwezi, na mwezi utakuwa mwekundu. Kobalti, alisema, ni ndugu wa sumaku. Siku hiyo nguvu za sayari zitaivuta kobalti yote iliyo chini ya mji, na kwa kuwa mji umetobolewa kama ungo, utashuka wote kwa saa moja. Bwawa la Nzilo litapasuka na maji yatamalizia yaliyobaki. Hakuwataka watu waungame. Aliwauzia bangili za shaba za kukinga mawimbi, akawashauri waondoke. Hatua kumi kutoka hema lake, chini ya mwavuli, alikaa bwana mnene aitwaye Kalenga, mwenye meza, mhuri na karatasi, akinunua viwanja vya watu waliokuwa na haraka.

Jirani yao Kisimba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuza. Alichopewa kilimtosha kukodi lori. Siku ya pili yake kiwanja chake kilizungushiwa turubai la buluu juu hadi chini.

Jumanne Beya alikwenda kwenye hema na sumaku aliyoing'oa ndani ya spika ya redio mbovu, na jiwe jeusi la kobalti, ambalo Kolwezi mtu haendi mbali kulitafuta. Akapanda juu ya benchi.

"Ingénieur, unasema sumaku inavuta hii?" Akagusisha sumaku kwenye jiwe. Jiwe halikutikisika. Akagusisha kwenye kizibo cha soda, kikaruka na kuganda. "Batu, muangalie! Kizibo kinaenda. Kobalti yenu inalala."

Wachache walicheka. Zéphirin naye alicheka, kwa heshima.

"Papa, sumaku yako ni ya redio ya zamani. Mi nasema sayari. Weye ulishawahi kushika sayari?"

Hapo watu walicheka kwelikweli.

"Na mwezi?" akadakia mama mmoja muuza unga. "Tata, ata mwezi hautakuwa mwekundu?"

"Utakuwa," Beya alisema. "Utakuwa mwekundu, saa moja na nusu ya jioni. Benye kuhesabu mbingu balishaandika ile saa miaka na miaka. Mwezi unaingia mu kivuli yetu, unatoka. Huyu aliiba ile saa kwao. Kifo tu njo alikileta mwenyewe."

Lakini watu walikuwa wamesikia neno moja tu: utakuwa. Mzee wa mgodi mwenyewe amekiri. Mama muuza unga akajongea kwenye meza ya bangili.

Usiku huo Ndaya hakumlaumu. Aliongea polepole, na hilo lilimtisha Beya kuliko kelele.

"Tuseme hivi. Kama bioo yako inabaki mizima mpaka siku ya Mungu, siku ya ule mwezi, mi nakaa, na sitasema tena. Kama kimoja kinapasuka mbele ya ile siku, unaenda kwa Kalenga, unasaini. Hutanibishia. Ulishanibishia mara moja."

Beya aliangalia kuta zake. Aliamini vioo kuliko alivyojiamini mwenyewe.

"Sawa," akasema.

Kila asubuhi mkewe aliuliza, "Kioo?" naye alijibu, "Kizima." Jumatano kizima. Alhamisi saa nne, akiwa uani, alisikia mlio mdogo kama wa mtu anayevunja kucha kwa meno. Aliingia jikoni akamkuta Ndaya amesimama mbele ya ukuta, mikono kichwani. Kioo cha jikoni kilikuwa vipande viwili, na katikati yao nafasi ya kupitisha sarafu.

Ndaya alimpita mlangoni. Alikwenda kuvua mapazia.

Habari ilimtangulia Beya sokoni. Kabla ya saa sita Zéphirin alikuwa akitangaza kwenye spika: "Ule mzee wa sumaku! Kioo yake mwenyewe imepasuka! Ardhi imeanza kujibu!" Waliopita walimtazama Beya kwa huruma, kama anavyotazamwa mlevi aliyeachishwa kazi. Kalenga, chini ya mwavuli, alimvutia kiti.

"Karibu, papa. Bei ya jana sitaiweza tena. Nyumba inapasuka."

Beya alisimama mbele ya kile kiti. Aliona kituo cha reli. Aliona midomo midogo iliyokauka ikiomba maji. Angesaini. Kilichomzuia hakikuwa ujasiri, kilikuwa mazoea ya kazi: mpimaji akiona kioo kimevunjika haandiki kwanza sababu, anaandika upande. Naye hakuwa ameangalia ukuta umesogea upande gani.

Akarudi nyumbani karibu akikimbia.

Alichukua mpira wa maji, ule wa mafundi wa kusawazisha msingi, akapima sakafu kona hadi kona. Sebule ilikuwa sawa. Chumba kilikuwa sawa. Jiko lilikuwa limelala upande mmoja tu, wa kiwanja cha Kisimba, wa turubai la buluu. Sayari ingevuta nyumba nzima. Hii ilivuta jiko.

Akashika baramine, ile fimbo ndefu ya chuma ya kuvunjia mwamba, akaisimika sakafuni, akaegesha sikio juu yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaita.

"Ndaya. Kuya huku."

"Ulisaini?"

"Weka sikio."

"Tata, mi sina nguvu ya mich..."

"Weka tu."

Akaweka. Mwanzoni alikunja uso. Kisha macho yakamtoka. Chini kabisa, kama chini ya miguu ya kitanda, kitu kiligonga: ko, ko, ko. Kikanyamaza. Na baada ya hapo, wazi kabisa kupitia chuma, mtu alikohoa. Kikohozi kirefu cha vumbi, cha mwanamume, kilichoishia kwa kutema mate.

Ndaya akajitoa kwenye fimbo kama aliyeungua.

"Mutu," alisema. "Mutu iko chini ya jiko yangu."

"Huyo njo nyota ya Zéphirin."

"Nyota haikohoi," akasema Ndaya, na akaketi sakafuni pale pale, kati ya masufuria yaliyofungwa, akalia kwa hasira.

Beya aligonga bati la geti la turubai hadi Kalenga mwenyewe akatoka. Hakukana kwamba watu wake wanachimba chini. Alimvuta kando kwa upole, mkono begani.

"Papa, uko na haki. Na sasa uko na haki, uko na nini ingine?"

"Mulidanganya batu."

"Mi? Mi sikusema neno moja ya mwezi. Mi nanunua tu. Lakini fikiri. Kama ningekuya kwa Kisimba kusema, 'Nataka udongo yako,' angeniomba bei ya kobalti. Akisikia kiyama, anaomba bei ya lori." Akapangusa jasho. "Ingénieur ameshaenda zake. Ataanza Likasi wiki ijayo, kwa tarehe ingine."

Ijumaa Beya alikwenda ofisi moja ya serikali na vipande vyake viwili vya kioo ndani ya karatasi. Mlango ulikuwa na kufuli. Mlinzi alimweleza kwamba karani wa viwanja amepeleka familia yake kijijini.

"Atarudi siku ya kwanza ya kazi," mlinzi alisema.

"Ile ambayo haamini itafika?"

Mlinzi akaangalia viatu vyake. Mkononi alikuwa na bangili ya shaba.

Tangu kile kikohozi Ndaya hakutaja tena kusaini. Jumapili jioni walikaa uani, viti viwili, wakiipa mgongo nyumba yao wenyewe. Mwezi ulipanda mweupe. Kisha kivuli kikauma ukingo wake, kikaendelea kula, na saa moja na nusu ukaning'inia juu ya Manika ukiwa na rangi ya shaba iliyookwa. Mtaa wote ulipiga yowe. Watu walipiga sahani, walilala kifudifudi barabarani, walipiga simu kwa ndugu wa mbali kuagana. Ndaya alimshika mumewe mkono akaukaza, macho hayatoki mbinguni, midomo ikihesabu dakika alizoambiwa. Karibu saa tatu upande mmoja ukapata mstari mweupe. Baadaye mwezi ulikuwa mzima tena, na mji ulikuwa palepale. Mtu fulani akaanza kucheka, na kicheko chake hakikupata mwenzake.

Kwani sasa waliouza walianza kuhesabu mahali pa kulala.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, jiko lilianguka. Halikuanguka kwa kishindo. Lilikaa chini kama mzee aliyechoka, ukuta wa upande wa Kisimba ukaingia ardhini hadi dirishani, na vumbi jekundu likajaza ua. Watu wakakusanyika. Beya akapita kati yao akiwaonyesha kioo, tarehe, mpira wa maji, akieleza upande wa ukuta. Walimsikiliza kwa adabu.

"Alikosea siku moja tu," akasema kijana wa taxi-moto, akimtetea Zéphirin. "Siku moja si kitu."

Kalenga naye alikuja na karatasi, bei ikiwa nusu ya ile aliyokwisha kuipunguza Alhamisi. Aliielekeza kwa Ndaya, kwa kuwa habari za mji zilimwambia ndiye anayetaka kuondoka.

Ndaya hakuitazama karatasi. Alikuwa akiangalia lile shimo.

"Na ule wa kukohoa?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Mutoto ya mutu iko pale chini. Iko wapi?"

Kalenga akakunja karatasi. Alisema hakuna mtu, akarudi nyuma ya turubai, na geti likafungwa kwa ndani.

Ndaya akaichukua baramine mwenyewe. Aliisimika ukingoni mwa jiko, akasikiliza, akatikisa kichwa. Aliisimika sebuleni. Hakuna. Watu waliacha kuongea. Beya alimfuata hadi chumbani, na pale, kando ya kitanda, aliona mabega ya mkewe yakishuka na pumzi ndefu ikimtoka.

"Anaishi," Ndaya alisema. "Anakohoa, anachimba tena. Nzambi Mungu, asante, anaishi."

Halafu akafungua macho akatazama pale fimbo iliposimama, na kitanda, na kioo ukutani juu ya mto, ambacho hadi asubuhi hiyo kilikuwa kizima na sasa kilikuwa vipande viwili.

Beya alikuwa amekwisha kushika pembe moja ya godoro. "Twende Dilolo, Mama Mianda," akasema. Jina hilo lilimtoka kabla hajalizuia.

Nje, watu wa mtaa walikuwa wameanza kuondoka.

"Juu ya uongo ya Kalenga mi sitapanda treni tena," akasema Ndaya, na kushika pembe ya pili. "Tutalala uani, kule mwisho. Weye ukate kioo ingine."