Nyasi Alizopanda Mama

Nyasi zile zilipokatwa asubuhi zilitoa harufu tamu, kama ya muwa uliotafunwa ukatemwa, na nyuma ya utamu huo palikuwa na ukali uliokereketa koo. Pale kijijini kwetu Minago, kando ya ziwa, harufu hazikosekani: mawese yanachemshwa kwenye mapipa, mihogo imelowekwa, ndagala, dagaa wa ziwani, wameanikwa ufukweni, na upepo wa ziwa unazichanganya zote bila kumuuliza mtu. Lakini harufu ya nyasi za Mama ilipenya kote. Ilikaa kwenye kucha zangu, ikanifuata hadi kanisani, ikaingia katika ugali. Hata leo kazi yangu inanilazimu kuisikia karibu kila wiki, na kila nikiisikia ninachoka kabla sijaanza.

Tulirudi kutoka kambi ya wakimbizi ng'ambo ya ziwa, Tanzania, upande wa Kigoma nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa amezikwa hukohuko, kwa hiyo waliorudi tulikuwa Mama, mimi na wadogo zangu wawili. Wenzetu walipakia kwenye malori milango, mabati na baiskeli. Mama alipakata sufuria yake kubwa, na ndani yake, ikiwa imeviringwa kwa kipande cha kanga kilicholoweshwa, mlikuwa na mizizi ya nyasi. Nyasi hizo ndizo zilizolisha mbuzi wetu kambini, kwa sababu kiangazi kilipokausha kila kitu zenyewe zilibaki kijani karibu hadi mwisho. Mama hakuwa mjinga. Alikuwa anarudi mahali asipojua atakuta nini, akachukua kitu kimoja alichokiamini. Njia nzima alizinyunyizia maji ya kunywa huku sisi watoto tukimtazama kwa kiu.

Shamba la Baba tulilikuta na mtu. Papa Fidèle aliishi pale tangu mimi sijazaliwa. Alipanda michikichi na mihogo, akaoa, akazaa, na hakuwa amemnyang'anya yeyote kwa mkono wake. Wakubwa wa serikali waliokuja kutupatanisha waliligawa shamba katikati, nusu yake, nusu yetu, wakaondoka. Siku ile ile Papa Fidèle alituletea kikapu cha mihogo. Kwetu mpaka hupandwa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe ambao watoto hukatazwa kuugusa, na kila mtu pale alilijua hilo. Lakini miyenzi inataka subira, na Mama alikuwa amekaa miaka mingi mno kwenye ardhi ya watu. Alitaka mpaka wake uonekane haraka, wasije wakabadili mawazo. Basi tukavuta kamba, mimi nikachimba vishimo, yeye akapanda nyasi zake mstari mmoja tangu barabarani hadi kijitoni. Papa Fidèle akaja kutazama, akamsalimu Mama kwa jina langu.

"Amahoro, Mama Jeanine. Na miyenzi iko wapi?"

"Itafuata, Papa Fidèle. Hizi zishike udongo kwanza, na mbuzi wapate chakula."

"Sawa basi," akasema akicheka. "Mugeni njoo, mwenyeji apone."

Miyenzi haikufuata. Mwaka wa kwanza nyasi zilikuwa ukuta mzuri wa kijani, na mbuzi wetu walinenepa hadi majirani wakaanza kuwasifu. Mwaka wa pili mstari wetu haukuwa mstari tena. Tuling'oa upande wetu tukiwa tumeinama kutwa nzima, nikasikia mgongo unaniuma kama wa bibi kizee, na wiki mbili baada ya mvua zilikuwa zimerudi. Upande wa Papa Fidèle zilikwenda haraka zaidi kwa sababu kule zilipata kivuli chepesi na udongo uliolimwa vizuri. Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Kwetu nyasi hazikuumia hata kidogo, walioumia walikuwa wengine. Watu wakazipa jina, wakaziita Mutanzania, jina lile lile walilotutania nalo sisi tuliorudi. Mama alilisikia sokoni akarudi nyumbani akiwa amenuna.

Kiangazi cha mwaka huo kilirefuka. Mvua zilizozoeleka mwezi wa tisa hazikuja, na hata nyasi za Mama zikakauka, mabua yake yakawa yanalia kwa upepo. Mtu fulani kule juu alichoma shamba lake kulisafisha, moto ukamtoroka, ukashuka ukifuata nyasi zetu moja kwa moja hadi kwenye michikichi michanga ya Papa Fidèle. Ilikuwa mchana mweupe. Tulikimbia na ndoo, yeye, mkewe, Mama na mimi, lakini kijito kilikuwa tope tu. Michikichi aliyokuwa akiitegemea iwasomeshe watoto wake ilibaki vijiti vyeusi. Mvua ilipofika, kitu cha kwanza kuota juu ya majivu kilikuwa nyasi zile, na rangi yake ilikuwa nzuri kuliko zamani.

Papa Fidèle akapeleka shauri kwa bashingantahe, wazee wa kijiji wanaokata mashauri. Asubuhi ya siku hiyo Mama aliniita jikoni. Hakunipiga wala kunitisha. Alisema tu, "Wakijua ni sisi tuliozileta, watatutoa hapa. Turudi wapi, mwanangu?" Kisha tukatoka kwenda shaurini.

Wazee walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, fimbo zao mkononi. Papa Fidèle alieleza yote kama yalivyokuwa, lakini siku tulipopanda alikuwa peke yake, hakuwa na shahidi, na jina la utani si ushahidi. Mama akasema nyasi tulizikuta. Mzee mmoja akanigeukia.

"Mutoto hadanganyi. Sema, binti, nani alipanda ile majani?"

"Tuliikuta," nikasema. "Ililetwa na mayi ya mvua."

Nilisema kwa Kiswahili cha pale, si cha kambini, ili wanisadiki zaidi. Hilo ndilo linalonitia aibu hadi leo kuliko uongo wenyewe. Papa Fidèle hakunipinga. Alinitazama tu, akatazama chini. Wazee wakagonga ardhi kwa fimbo zao: kila mtu asafishe upande wake, na watu wanywe pamoja ugomvi uishe. Mama alikuwa mlokole, hakugusa pombe, kwa hiyo tulipatanishwa kwa Fanta. Papa Fidèle alishika chupa yake hadi ikapata moto mkononi, ndipo akainywa.

Alipalilia misimu miwili. Wa tatu alifunga vyombo vyake, akampandisha mkewe na watoto milimani, huko juu kwenye baridi, akasema ile majani haiwezi baridi. Nusu yake ya shamba ikabaki wazi. Njia ya mwongo ni fupi, walinifundisha shuleni, lakini yangu imekuwa ndefu sana.

Sasa mimi ni mmoja wa watu wachache wanaojaribu kubashiri nyasi hizo zitafika wapi. Tunapita kando ya ziwa kutoka Magara hadi Nyanza-Lac tukiandika zilipo, kisha tunaipa kompyuta joto, mvua na urefu wa milima, nayo inapaka ramani rangi nyekundu: hapa zimefika, hapa zitafika joto likizidi. Kujua mwendo wa kitu kunataka ujue kilianza wapi na lini. Katika orodha yetu Minago iliandikwa hivi: zililetwa na mafuriko, muda haujulikani, huenda ni zamani sana. Habari hiyo wenzangu waliipata kwa wazee wa pale, na wazee waliipata kwangu. Kwa miaka kadhaa niliipita kila nilipofungua orodha. Kwa hesabu hiyo nyasi zilikuwa zinatembea polepole, na milima ilikuwa na muda wa kutosha.

Mwaka jana nilimpigia Mama simu, bado anaishi palepale. Nikamwuliza niandike nini. Akasema, "Andika nilizipanda. Mimi nimechoka nazo." Nikaandika: mstari mmoja, shamba moja, mwaka tuliorudi. Kompyuta ikahesabu upya, na nyekundu ikaruka milimani kama mtu aliyekuwa amefungwa kamba kisha akafunguliwa. Nilitafuta kosa wiki nzima, nikitumaini nitaliona. Sikuliona.

Nikapanda kwenda kwa Papa Fidèle. Amezeeka, kikohozi kimemdhoofisha, lakini ana ng'ombe wawili, ana viazi, na binti yake anaishi naye akiwa na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu kwenye gari njia nzima. Niliyasema yote, nikiwa nimesimama kama siku ile ya mabenchi. Aliniacha nimalize.

"Iyo niliijua, mwanangu. Nilikuwa pale," akasema. "Wewe niambie tu: huku itafika lini?"

Nikamwambia kwamba itafika kabla yule mtoto mgongoni hajamaliza shule. Akatazama viazi vyake, akatazama chini upande wa ziwa; kutoka huko zamani mtu aliweza kukimbia jambo kwa kupanda mlima. Siku hizi joto linapanda nyuma yake. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, "Murakoze," akamwita binti yake waanze kushauriana. Hakuniuliza kama nina hakika. Nilipokuwa mtoto nilidanganya nikaomba moyoni nisadikiwe. Siku ile nilisema kweli, nikashuka ule mlima wote nikiomba niwe nimekosea.