Raija na Mlango wa Tuomo

"Kwa nini unaongea na mlango?" nilimwuliza Raija Hietala nilipokuwa na miaka tisa, narudi kutoka shule na buti zimejaa theluji. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo letu kule Hervanta, mtaa wa pembezoni mwa Tampere, chupa ya kahawa magotini, kidole kimoja kimeinua kifuniko cha tundu la kupitishia barua kwenye mlango wa jirani yetu Tuomo. Akanimegea mkate wake wa mdalasini.

Raija aliajiriwa na jiji la Tampere kuwatafuta vijana walioacha shule, hawana kazi, na nje hawatoki tena. Wapo waliokwenda ofisini kwake wenyewe. Tuomo hakwenda. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, chuo cha ufundi alikiacha katikati, na jengo zima tulimjua kwa sauti ya maji bombani tu. Basi Raija akawa anakuja kila Jumanne, analisimulia lile tundu habari za mbwa wake mzee, baridi, mpira wa magongo wa barafuni. Ndani kimya. Majira yote ya baridi yakapita hivyo.

Kisha Raija akamtafutia nafasi ya kazi kwenye karakana ya baiskeli. Mwenye karakana alikubali kumshikia Tuomo nafasi hiyo hadi Jumatatu tu. Asipoonekana, yupo mwingine anaingoja. Raija akaliambia tundu hayo yote, akajimiminia kahawa.

"Raija, wewe huna kwako?" Sauti ilikwaruza kama bawaba iliyokaa bila mafuta.

"Ninako. Ila mbwa hajui kunitania."

"Hiyo kahawa inanuka mpaka kitandani. Huo ni uchokozi."

"Ya karakana ni mbaya zaidi. Njoo uionje."

Halafu kitasa kikazunguka.

Tuomo alifanya kazi kiangazi chote. Mikono ikawa myeusi kwa grisi, akaanza hata kusalimia watu kwenye lifti, jambo ambalo sisi wengine hatulifanyi. Lakini nafasi ilikuwa ya majaribio. Oktoba muda ukaisha, akaambiwa asante, na kijana mwingine wa majaribio akapewa aproni yake. Akarudi nyuma ya mlango. Raija naye akarudi kwenye ngazi.

Safari hii aliongea na nyumba tupu. Baba yake Tuomo alikuwa ameshakuja na gari kutoka mji wa Kemi, mbali kaskazini, akamchukua mwanawe, kijana amedhoofika hata hawezi kusimama sawasawa. Jina tu lilibaki mlangoni. Jengo zima tuliona. Watu walimpita Raija, wakamwinamishia kichwa, wakaenda zao. Kwetu mambo ya jirani hayaulizwi wala hayasemwi. Mpaka Desemba, fundi alipokuja kubadilisha kitasa, ndipo Raija alipojua. Alifunga chupa yake, akashuka ngazi polepole. Alipopiga simu Kemi, baba akamwambia kijana hataki kuongea na mtu yeyote. Raija hakumsikia Tuomo tena.

Msimu huu wa baridi, miaka mingi baadaye, nilimkuta Raija kwenye jengo la rafiki yangu. Nywele zimekuwa nyeupe, chupa ni ile ile, mlango mwingine, ndani kimya. Nikamrudia na swali langu.

"Siku ile Tuomo alipofungua," akasema, "niliona kiti nyuma ya mlango. Akaniambia alikuwa anakisogeza pale kila Jumanne kabla sijafika. Baridi yote ile tulikuwa tumekaa pamoja, mwanangu, na mimi sijui."