Palizi Ndani ya Kioo

Tangu kiharusi kimwangushe mwalimu Sosthenes, kitu kimoja tu kiliweza kumgeuza macho: tangi lake la maji ya chumvi, pale sebuleni kwao Soweto, Mbeya. Alilitunza miaka tisa, majirani wakimcheka kwamba mtu wa Iringa anafuga bahari. Sasa upande wa kulia ulikuwa umepooza, ulimi umekufa, na mdogo wake Liberatus alisema akili nayo imekwenda. Lakini Matilda, mkewe, alikuwa ameona. Taa ya tangi ikiwaka, macho ya mumewe yanahama ukutani na kutua kwenye matumbawe. Basi akaapa kwamba matumbawe hayo hayatakufa mikononi mwake, maana yakifa, mumewe atarudi kutazama ukuta.

Nayo yakaanza kufa. Anemoni, vidudu vya kahawia vyenye vikono vya kuchoma, viliota kwenye mawe vikayasogelea matumbawe, na kila vilipogusa, tumbawe lilinywea likabaki mfupa mtupu. Matilda ni mtoto wa wakulima, na kwa kitu kinachojiotea alijua dawa moja, palizi. Akaingiza mkono na wembe, akakata, akang'oa, akakwangua. Alitoa kumi. Baada ya siku nne akahesabu thelathini, akakata tena kwa hasira.

Kila alipotumbukiza mkono, Sosthenes alihangaika kwenye godoro, mate yakimtoka.

"Sa... sa..."

"Nasafisha, Baba Frida. Si unaona nasafisha?"

"Sa... nga..."

"Ndiyo, baba, nasafisha."

Wiki tatu zilikwenda hivyo, mpaka likabaki hai tumbawe moja, dogo kama kiganja, anemoni tisa wamelizunguka. Matilda aliketi sakafuni akalia kilio cha msiba. Kisha akachukua wembe, kwa kuwa hakujua kingine.

"Sa-nga-ri," alisema mumewe.

Wembe ulimponyoka. Sangari ni nyasi ya mashambani kwao, na hata mtoto anajua kwamba ukiikatakata, kila kipande kinaota upya. Kumbe wiki tatu alikuwa akipanda, si kupalilia. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, ila nyumba ile sikio la kufa lilikuwa la mzima, si la mgonjwa.

"Nisikate?" aliuliza. Sosthenes alifumba macho, akafumbua. "Nichome kwa maji ya moto? Ndimu?"

Kwenye ndimu alifumba tena.

Akakamua ndimu, akavuta maji yake kwa bomba la sindano, akamtilia kila anemoni mdomoni. Walisinyaa wazima wazima. Alikuwa kwa wa tisa ubaridi ulipomwingia. Kama akili ilikuwapo siku zote, basi ilikuwapo pia Jumapili ile, alipoketi kando ya godoro hilohilo akimwambia Liberatus kwenye simu aje na gari amchukue kaka yake, yeye amechoka kulea gogo.

Alitaka kumwuliza kama alisikia. Lakini Sosthenes alikuwa ameliacha tangi, anamtazama yeye, na Matilda akashindwa kuinua uso.