Kanga za Bendi Iliyovunjika

Kila nikifungua sanduku, harufu ya udi hunirudisha Temeke enzi za Mwingereza, barabara ikiwa bado mchanga mtupu. Nilikuwa mtoto, na bendi yetu ilikuwa imevunjika kabla ya Ramadhani. Siku ya Idi tukasikia kwamba wapigaji wetu, yule wa tarumbeta na yule wa ngoma kubwa, watapiga na bendi mpya ya mtaa wa pili. Mama akafukiza doti yake ya kanga nyekundu, sare yetu ya zamani. Moja akajifunga yeye juu ya gauni, ya pili akanifunga mimi.

"Wakituona watafurahi," akasema.

Uwanjani kina mama wote walivaa kijani, sare ya bendi mpya. Wakatupisha kwa adabu, tukabaki na nafasi pande zote. Tarumbeta ilipopanda, mama akapiga kigelegele kama alivyozoea. Zamani uwanja mzima ungemwitikia. Siku ile kigelegele chake kilikwenda peke yake, kikafa.

Walipopumzika, mpiga ngoma akaja kwetu akijifuta jasho. Huyu zamani alikuwa akiingia jikoni kwetu na kudokoa nyama chunguni. Nikamkimbilia. Akanishika kichwa, akazitazama zile kanga.

"Shikamoo, shangazi," akamwambia mama. "Karibuni, wageni."

"Marahaba. Tumeshakaribia, mwanangu."

Tukaondoka ngoma haijaanza tena. Njiani mama akazivua kanga zote mbili, akazikunja pamoja. Mpaka leo sijazikunjua.