Mpira wa Katikati

Jumapili iliyopita nilikuwa nimejinyoosha kwenye kochi, hoi, runinga ikionyesha fainali ya tenisi ya vijana huko Ulaya, ile ya wavulana wawili kwa wawili. Mpira ukaja katikati yao. Mmoja akapiga kelele, akauchukua, mwenzake akampisha bila kinyongo. Nikazima. Mke wangu akauliza kulikoni, nikasingizia usingizi.

Ndugu yangu, mpira kama ule umenichosha miaka mingi.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Babati ilijaa wageni wa ofisini wanaotafuta vyumba vya kupanga, na pamoja nao akaja mwalimu mmoja mwenye raketi nne. Alisawazisha kiwanja nyuma ya shule yetu pale Bagara, akachora mistari kwa majivu, akafunga wavu mkuukuu wa kuvulia perege. Tulicheza jioni, tukishamaliza kupura mbaazi za Bibi, vumbi lake likituwasha shingoni. Nyumbani makande yalikuwa yakitusubiri, na malori yakinguruma kutoka Bonga.

Mwenzangu uwanjani alikuwa mjomba wangu, kitinda mimba wa Bibi, aliyenizidi miaka miwili tu. Miwili! Lakini kwa Bibi mjomba ni mjomba. Nilimwamkia kila asubuhi, na nyama sikuigusa kabla yake. "Mkubwa hapokonywi," Bibi alisema. Basi hata uwanjani, mpira ukija katikati yetu nilimwachia.

Mwalimu alichukia. "Wewe uko kushoto, mkono wako wa kulia uko katikati. Huo ni wako. Na wewe mjomba mtu, mwachie!" Alituimbia hivyo wiki nzima kabla ya kwenda Arusha, kwenye mashindano ya kutafuta jozi moja ya kwenda Dar es Salaam, kwa vijana wa taifa zima. Kwa mjomba ilikuwa nafasi ya mwisho, mwaka uliofuata umri ungekuwa umempita. Darasa la saba alikuwa amefeli. Hakuwa na kitu kingine alichokiweza kuliko tenisi.

Tulifika fainali. Wapinzani wetu wakawa wamebakiza pointi moja washinde. Mpira ukaja polepole, katikati kabisa, hata mtoto angeupiga. Mimi nikamwachia mjomba, kama Bibi alivyonilea. Yeye akaniachia mimi, kama Mwalimu alivyomfundisha. Ukapita, ukadunda nyuma yetu.

Tulikuwa kwenye basi la kurudi, tunapita Magugu, mjomba aliponigeukia.

"Ule ulikuwa wako," akasema.

"Lakini wewe ndiye mkubwa."

"Hata pale?"

Akageukia dirishani. Sijui kama alilia, sikuthubutu kumtazama.

Mwaka uliofuata nilipewa mwenzangu mwingine, mdogo kwangu. Nilipiga kila mpira wa katikati, hata usio wangu nikaupiga. Tukashinda. Siku ya safari ya Dar es Salaam mjomba alinisindikiza stendi, akanibebea begi.

Siku hizi kiwanja kile kimejaa fremu za maduka, Bibi tumeshamzika, na mjomba anaendesha bodaboda huko Nakwa. Nikienda namwamkia, ananiitikia vizuri tu, na habari za tenisi hatuzitaji. Watu wakiniuliza nilifika wapi na mchezo ule, nawaambia nilifika Dar es Salaam. Sisemi nilikwenda kwenye nafasi ya nani.