Leso ya Susu Mwaka wa Homa ya Nguruwe

Mwaka ule serikali ilituambia tunawe mikono mara kwa mara, sisi watu wa upande wa Wamunyu ambao tulikuwa hatujaona mvua ya maana misimu miwili. Maji tulikuwa tukiyachimba mchangani kwenye mto mkavu na kuyapandisha kwa punda. Yale ya kuoshea vyombo hatukuyamwaga, tulifulia nguo, na yakitoka kwenye nguo tulimwagia mpapai. Redio nayo ikawa inasema nawa, nawa, nawa, kutwa nzima. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kuitii redio, na hata mimi nilikasirika.

Homa ya nguruwe ilianzia mbali, ng'ambo huko, ikapanda ndege kama abiria. Siku redio ilipotangaza kwamba imeshuka Kenya na mgeni kutoka Uingereza, mwenye bucha ya nguruwe pale sokoni alifunga kabla ya saa nne asubuhi. Wachongaji wa vinyago wakanung'unika kwamba sasa wazungu hawatakuja tena kununua twiga na vifaru vyao. Kanisani padri akasema tupeane amani kwa kupungiana mikono, nasi tukapungiana kama watu wanaoagana kwenye stendi. Muuza leso, mzee Msomali niliyezoea kununua kwake, alinitania: "Mwalimu, hii ugonjwa inatafuta nyinyi. Sisi nguruwe hatujui hata rangi yake." Wiki iliyofuata nilimkuta amesogeza meza mlangoni, wateja wanasimama nje, na mkono wangu hakuupokea. Alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa hauulizi mtu amekula nini.

Chifu akaitisha baraza. Afisa wa afya ya umma alikuja kutoka mjini na maski shingoni, akasema kila kijiji kitoe mtu mmoja anayejua kusoma awe macho ya serikali. Wote waligeuka kunitazama. Nilipewa ndoo yenye bomba, kopo la klorini, boksi la glavu na karatasi ya maagizo. Karatasi ile niliikariri kuliko nilivyowahi kukariri amri kumi. Ugonjwa unapita kwenye mate, kamasi na kikohozi. Mgeni wa kutoka nje ya nchi aripotiwe. Nikawa natembea kijijini na ndoo yangu, nafundisha wazee kukohoa kwenye kiwiko, na nisiseme uongo, nilijiona waziri.

Mgeni wa kwanza kutoka nje ya nchi akawa mdogo wangu.

Alikuwa ameolewa huko Uingereza na alifanya kazi ya kutunza wazee. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, moja baada ya nyingine. Sasa alikuwa na ya tatu, miezi mitano, na alikuja nyumbani kwa siku kumi tu, kwa sababu ya Susu. Susu ndiye nyanya yetu, mama wa mama. Mama alitutoka tukiwa wadogo na Susu akatulea. Kwetu mzee hakubariki kwa maneno matupu. Anakutemea mate, mate mepesi, hewa zaidi kuliko maji, kifuani au viganjani, kisha anapaka kwa mkono wake. Susu alinitemea nilipokwenda chuo cha ualimu. Alimtemea ng'ombe wetu wa kwanza. Zile mimba mbili hakupata kuzitemea kwa sababu zilikuwa mbali, na mdogo wangu alikuwa ameshaamua moyoni kwamba hiyo ndiyo sababu zilitoka. Mtu hawezi kubishana na mwanamke aliyezika matumaini mara mbili. Mimi sikubishana.

Alifika alasiri, amechoka, anakohoa. Kwa Susu, ng'ambo ya korongo, tulipanga kwenda asubuhi. Usiku ule alikuwa wa moto. Kulipopambazuka nilichukua baiskeli nikaenda kwa naibu wa chifu.

Watu wa kijiji walikisia miaka mingi ni nani aliyemripoti. Ni mimi.

Gari la serikali lilikuja kabla ya saa sita. Wakashuka watu wawili, mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, na watu wakapanga mstari kule juu ya kilima kutazama. Mdogo wangu aliketishwa kwenye kiti uani, kijiti kikaingizwa puani mwake, kikafungwa kwenye kichupa. Kichupa kingekwenda Nairobi. Yeye angekaa ndani ya nyumba ya matofali, peke yake, mpaka karatasi ya majibu irudi. Mimi nilihamia jikoni, chakula ningekiacha juu ya jiwe mlangoni na kuondoka ndipo atoke. Nje ya lango, afisa alivua maski akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, uwe makini sana. Hao wenye mimba ndio hii kitu inabeba haraka."

Hayo maneno yalikaa tumboni mwangu siku zote zile. Nilikuwa nikiamka naisikiliza nyumba ya matofali, nahesabu vikohozi.

Kijiji kilitugeuka bila hata kutugombeza. Mama aliyekuwa akichukua maziwa kwetu aliacha kuja. Pale mtoni wanawake waliniachia shimo zima la maji, wakasubiri pembeni huku wameziba pua na ncha za leso, na nilipomaliza wakachimba shimo jingine. Shuleni mwalimu mkuu alinishauri nipumzike. Nilikuwa na hasira nao wote, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana yote waliyoyafanya nilikuwa nimewafundisha mimi.

Susu hakuogopa. Siku ya pili alivuka korongo na fimbo yake, akafika kwenye ua wa mkonge, nami nikamzuia langoni.

"Nimekuja kutemea mtoto wangu mate. Toka hapo."

"Susu, serikali imekataza."

"Serikali imezaa nani?"

"Ukimkaribia utashikwa. Na wewe kifua chako unakijua."

"Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Yule wa tumboni ndiye hajakula."

Nilipanua mikono kama ninayezuia mbuzi wasiingie shambani. Alinitazama, akatazama mikono yangu yenye glavu, akasema, "Aiya! Mwaitu, mama yangu, nani amekuvisha hizo ngozi?" Kisha akaketi kwenye vumbi nje ya lango. Mdogo wangu alimwona kupitia dirishani. Wakaongea kwa kupaza sauti, huyu anauliza amekula nini, huyu anauliza mbuzi wangapi wamezaa, mpaka jua likawa kali na mdogo wangu akaanza kukohoa. Susu alikuja tena siku ya tatu, na ya nne. Kila siku nilimzuia na kila siku nilijichukia zaidi kidogo.

Siku ya tano alikuja na leso mpya, ya buluu yenye pindo nyeusi. Alikuwa amemtuma mtu kwa yule mzee Msomali. Aliikunjua mbele yangu, akavuta pumzi, akatema katikati, mara tatu, akisema maneno yake ya Kikamba polepole: uzae, unyonyeshe, uitwe mama. Kisha akaikunja mate yakiwa ndani, kama mtu anayefunga ugoro.

"Mimi nimekatazwa kuingia," akasema. "Hii haijakatazwa. Mpelekee ajifunge tumboni. Usiikunjue."

Akaniwekea mikononi. Alipogeuka kuondoka alikohoa, kikohozi chake cha siku zote, cha ugoro, nilichokisikia tangu nizaliwe. Siku hiyo nilikisikia kama mtu mwingine.

Niliingia jikoni nikaiweka leso juu ya meza nikaitazama. Unyevu ulikuwa umeanza kupenya kwenye kitambaa. Karatasi ya maagizo ilikuwa ukutani, mbele ya macho yangu, na kitu cha kwanza kutajwa kilikuwa mate. Je, kama Susu ameshikwa? Kuna watu sokoni, kuna huyo aliyemletea leso, nani anajua ameshikana mikono na nani. Na ndani ya nyumba ya matofali kuna wale ambao hii kitu inawabeba haraka. Sitaki kujipamba hapa. Niliogopa mate ya Susu, mate yaliyonilea, na sikupata hata nafasi ya kuona aibu. Nilivaa glavu, nikaikunjua, nikachota klorini kwenye kopo bila kuichanganya na maji nikaimwaga pale pale palipolowa. Nikaacha dakika kumi kama ilivyoandikwa. Kisha nikaisuuza kwa maji ya mtoni, maji yangu ya thamani, nikaianika nyuma ya jiko.

Ilipokauka, katikati ya buluu palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa kiganja.

Nilisimama na leso ile muda mrefu. Kumrudia Susu na kumwambia atemee nyingine, hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Ningetakiwa kueleza kwa nini. Niliikunja doa likiwa ndani, nikaiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma hatua zangu kumi.

Mdogo wangu alitoka, akaiokota, akaibana usoni.

"Mbona inanuka dawa?"

"Kila kitu hapa kinanuka dawa," nikajibu.

Aliikunjua, akaona doa. Aliweka kidole juu yake. Nilingoja aniulize, na nadhani angeuliza ningesema kweli. Hakuuliza. Alijifunga leso, akaizungusha mpaka doa likakaa juu ya tumbo, akaingia ndani na kufunga mlango. Usiku ule hakukohoa. Mimi nililala kwa mara ya kwanza tangu gari la serikali lije, na asubuhi nilijiambia kwamba nitamweleza akishatoka, tukiwa tumekaa vizuri, tutacheka.

Karatasi ilirudi siku ya tisa saa nne asubuhi, na ndege yake ilikuwa jioni ile ile. Hakuwa na homa ya nguruwe. Ilikuwa mafua ya kawaida. Afisa alisoma majibu kwa sauti pale langoni ili watu wasikie, na watu waliokuwa wamejazana kule kilimani wakateremka wote kwa pamoja, wanacheka, wanadai walijua tangu mwanzo. Mama wa maziwa aliniuliza kama ninauza bado. Teksi ya kwenda uwanja wa ndege ilikuwa inanguruma. Susu alipasua umati na fimbo yake, akafika mbele ya mdogo wangu, akaiangusha fimbo, akafungua viganja viwili na kuvuta pumzi.

Mdogo wangu akarudi nyuma hatua moja.

Hakufanya kwa ubaya. Siku tisa nilikuwa nimempigia kelele kupitia dirishani: usiguse, usikaribie, mate, mate, mate. Alikuwa pia anajua kwamba kule uwanjani wanampima kila mtu joto, na akikohoa harudi kwa mume wake. Aliinama kwa heshima, akashika leso pale tumboni kwa mikono miwili.

"Susu, usijisumbue. Ninayo tayari. Iko hapa," akasema. "Mwalimu aliniletea."

Susu aliitazama leso, akatazama tumbo, akatabasamu na pengo lake lote. Akafumba viganja. Nilifungua mdomo. Palikuwa na afisa, palikuwa na chifu, palikuwa na kijiji kizima kilichonifanya macho yake, na dereva alikuwa anapiga honi. Nilitakiwa kusema sentensi moja tu. Nikasema, "Ingia garini, utachelewa."

Vumbi lilipotulia Susu aliniomba nimwokotee fimbo. Nilimsindikiza mpaka kwenye korongo. Tulipofika akauliza, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza habari ya mboga:

"Ilifika vile nilivyoifunga?"

"Ilifika," nikasema.

"Basi mimi nimemaliza."

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Susu alimsikia akilia kwenye simu, akaomba simu isogezwe karibu na sikio lake, halafu karibu na mdomo, na sikujua alitaka kufanya nini mpaka nilipoifuta skrini baadaye. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Madaktari wanajua kwa nini mtoto huyu alikaa na wale wawili hawakukaa, wana maelezo yao, na mimi ni mwalimu, nayaelewa. Hayajanisaidia.

Mtoto alipofikisha miaka mitatu mdogo wangu alimleta nyumbani. Usiku wa kwanza alitoa leso ile kwenye sanduku akaitandika kitandani, kwenye kile chumba chake cha siku tisa. Ilikuwa imechakaa pindo, na ilikuwa chafu, nami kwa mazoea yangu nikanyoosha mkono nikasema nipe nikufulie.

"Dada, usithubutu," akaniambia, akaivuta. "Tangu siku ile sijaifua hata mara moja."

Kisha akamketisha mtoto katikati, akashika kidole chake kidogo akakiweka juu ya doa jeupe.

"Unaona hapa? Hapa ndipo mate ya Susu yalipoanguka. Yalikuwa na nguvu mpaka rangi ikatoka." Akaniinulia macho. "Si ndiyo, mwalimu?"

Mtoto naye aliinua macho, akangoja nijibu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwepo."